Aliyeteka Wembe wa Jumapili

Mmeshaanza. Sijafungua mdomo vizuri, na Mama Nsajigwa pale nyuma ameshamkonyeza jirani yake. Nimekuona. Mwaka jana niliposema hapa, kwenye ibada yetu hii ya akina mama, kwamba chumvi inaua kuku, mlicheka mpaka mkafuta macho kwa vitenge. Kuku wa Mama Tupokigwe walipokufa kwa chumvi, nani alikuja kuniomba radhi? Hakuna. Mlikuja kula kuku.

Basi leo mkiamini, mkitilia shaka, shauri lenu. Nina habari ya mtu aliyekusanya nyembe. Ndiyo, nyembe za kunyolea ndevu. Usigune. Humu ndani kuna watu wana vikombe vya harusi kabatini ambavyo havijawahi kuonja chai, na mgeni akija anapewa chai kwenye kikombe cha plastiki. Makabati yenu nimeyaona, sitaji mtu. Kama hayo mnayaweza, mtu mwingine hawezi kukusanya nyembe?

Tena huu ni mfano. Mfano hauombwi cheti cha kuzaliwa. Kaeni msikilize.

Palikuwa na bwana mmoja, mstaafu wa kazi ya ofisini, akikaa mjini na mkewe kwenye nyumba ya matofali. Watoto wameoa na kuolewa, nyumba kimya. Wenzake wakistaafu hununua ng'ombe wa maziwa, au hufa. Yeye alianza kukusanya vyombo vya kunyolea vya zamani. Alikuwa na nyembe za kukunja zenye mipini ya pembe, na nyingine za mfupa uliogeuka rangi kama meno ya mzee anayevuta kiko. Alikuwa na zile mashine za shaba ambazo ukizungusha kitako, kichwa kinafunguka kama mabawa ya panzi. Alikuwa na brashi za manyoya, vibakuli vya kukorogea sabuni, mikanda ya ngozi ya kunolea, na vipande vya shabu, ile ya kukausha damu ukijikata, vimelainika kama pipi iliyotemwa. Vyote vilikaa sebuleni kwenye kabati la vioo, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Kila Jumamosi anavitoa, anavipaka mafuta ya cherehani kwa kitambaa laini, kimoja kimoja, na hataki kuongeleshwa.

Na ndevu zake mwenyewe je? Alikwenda kunyolewa saluni, kwa mashine ya umeme, akimaliza anapakwa spiriti anakunja uso. Nyembe zote hizo, na hajawahi kunyoa hata kidevu. Unacheka, Mama Nsajigwa? Una vitabu vya nyimbo vingapi nyumbani? Na kila Jumapili unaimba umeinamia cha jirani.

Mkewe alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja alimtazama anavyofuta, akamwuliza, "Baba, hivi vitu vinakula nini?"

"Havili kitu."

"Basi vinatushinda sisi kwa heshima vinayopewa."

Bwana akaendelea kufuta. Alikuwa amefika kwenye sanduku lake. Hilo ndilo lililokuwa moyo wake. Sanduku dogo la mbao, ndani kitambaa chekundu, na kwenye kitambaa vitanda saba vya nyembe saba. Watu wa zamani wenye uwezo, huko nyembe hizo zilikotengenezwa, walikuwa na wembe wa kila siku, ili mmoja ukifanya kazi, nyingine zipumzike. Mgongoni mwa kila wembe pamechongwa jina la siku. Bwana alikuwa nazo kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Kitanda cha mwisho kilikuwa kitupu.

Jumapili ndiyo haikuwepo. Msinitazame hivyo, sijaichomeka mimi. Wapo watu siku sita zote wanazo, wanazijua, wanazipaka mafuta. Jumapili ndiyo inayowashinda. Tuendelee.

Aliutafuta wembe huo kwa miaka. Mwishowe akasikia uko kijijini, mbali, kwa mzee mmoja ambaye ujanani alimfulia nguo mgeni fulani, na mgeni alipofunga mizigo akampa wembe mmoja, hizo nyingine sita zikauzwa na samani. Bwana akapanda basi. Akamkuta mzee ameketi kibarazani, amemkalisha jirani yake mbele ya beseni, anamnyoa kwa wembe ule ule. Povu limejaa, wembe unalia krr, krr. Bwana alitetemeka kama mtu aliyemwona mwanawe anavuka barabara peke yake.

"Mzee, nakuomba uniuzie huo. Ninao wenzake sita nyumbani."

"Hao sita wanafanya kazi gani?"

"Hawafanyi kazi. Nawatunza."

"Huu unafanya kazi," mzee akasema. "Uache."

Bwana akabembeleza, akataja hiki na kile. Mzee akaendelea kunyoa. Halafu akamwuliza kabila lake. Bwana akamtajia. Mzee akacheka mpaka jirani akashika sikio lake kulilinda.

"Kumbe wewe mtani wangu! Mbona unaongea kama karani wa benki? Ngoja nife. Uje msibani uuteke, kama watu."

Neno "uuteke" bwana alilisikia vizuri sana. Hayo mawili ya mwisho, "kama watu", hayakumwingia.

Nieleze kidogo, maana wengine mmekulia mjini. Mababu wa makabila hayo mawili walipigana vita mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani anakutukana, na wewe hukasiriki. Ukifiwa, mtani anakuja. Anachimba kaburi, anambeba maiti, anavaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake ili wafiwa wacheke hata kama hawataki. Na ana ruhusa ya kuteka kitu ndani ya nyumba. Akikiteka, hamna wa kumpinga mpaka mkikomboe kwa jogoo au kwa kitu kingine. Kabila sitaji, mtaanza kutaniana hapa nisimalize.

Na jambo moja la mwisho, hilo mlishike. Kwa watu hao, msiba hauishi mpaka mfiwa anyolewe kichwa. Na hanyolewi na ndugu. Mkono wa ndugu umejaa machozi, utamkata. Ananyolewa na mtani, kwa sababu mkono wa mtani ni mkavu. Mfiwa ambaye hajanyolewa hashiki jembe, hatoki kwenda sokoni, na shamba lake haliingiwi na mtu. Na mtani akishateka chombo cha kunyolea, kazi ni yake. Mwingine haruhusiwi kuigusa mpaka huyo aachilie.

Mzee akafa. Wazee hufa, hakuna la ajabu. Bwana akapata habari, akavaa tai, akapanda basi. Alifika kaburi limeshafukiwa, kwa hiyo viatu vyake havikupata udongo. Uwanjani palikuwa na bibi mmoja mtani, amevaa koti la marehemu linamburuza, anachechemea kama alivyochechemea marehemu, anamwambia mjane, "Mke wangu, nimerudi, kule nilikokwenda hawapiki ugali!" Mjane alikuwa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kaniki, na mabega yanamtikisika kwa kicheko asichokitaka.

Bibi huyo ndiye aliyekuwa akinyoa wafiwa wa kijiji kile tangu zamani. Lakini sasa macho yalikuwa na ukungu, mtoto wa jicho, hata kikombe cha uji alikitafuta kwa kupapasa. Kila mtu alikuwa anajiuliza nani atanyoa. Maharage ya mjane yalikuwa yamekauka shambani, tayari kung'olewa. Nyumba ile haikuwa na kitu kingine cha kula mwaka huo. Mkilisahau lingine lolote, hilo la maharage msilisahau.

Bwana akapita katikati ya watu, akaingia ndani. Wembe ulikuwa umening'inia kwenye msumari kando ya mlango, ndani ya ala yake ya ngozi. Akautwaa, akatoka nao nje, akauinua juu.

"Mimi mtani! Nimeteka wembe!"

Jamani, vigelegele vilivyopigwa! Wanawake walisimama. Watu wakampigia makofi. Yeye alifikiri wanampongeza kwa wembe. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa cheti.

Bibi mtani akamsogelea, akampapasa uso, akapapasa tai. "Huyu nani amefungwa kamba shingoni kama mbuzi? Mtani kweli wewe?"

"Mtani kweli, bibi."

"Macho unayo?"

"Ninayo."

"Basi Mungu ametuona. Leteni kigoda! Leteni maji!"

Kikaja kigoda. Likaja beseni na sabuni ya kipande. Mjane akafungua kaniki, akasogea, akaketi chini mbele ya bwana, akainamisha kichwa. Nywele zake zilikuwa na vumbi la msiba.

"Maji ya nini haya?" bwana akauliza.

"Ya kubatizia ng'ombe!" bibi akamjibu, na uwanja ukaangua kicheko. "Ya kunyolea, we zuzu. Umeteka wembe, nyoa."

Bwana akautazama wembe. Akautazama mgongoni, akaliona jina la siku limechongwa, halijafutika. Akayatazama maji.

"Huu hautakiwi kuguswa na maji," akasema polepole.

"Kwani marehemu alikuwa akinyolea mate?"

Watu wakacheka tena, lakini safari hii walicheka kidogo. Mjane hakuinua kichwa. Alikuwa anangoja.

Sasa niambieni, mtu kama yule angefanya nini? Aliona kichwa cha mama wa watu kimeinama mbele yake, karibu kabisa, hata angeweza kuhesabu mvi. Angeweza kusema ukweli: sijui kunyoa, nifundisheni. Hapo palikuwa na watu wa kumfundisha, na bibi wa kumshika mkono. Lakini yeye alikuwa mtu mstaarabu. Na mtu mstaarabu, jambo likimshinda, hasemi limemshinda. Anapanga tarehe.

"Wembe hauna makali," akasema. "Nikimnyoa nao nitamwumiza. Naupeleka mjini kunolewa. Kesho kutwa narudi."

Bibi mtani akakunja uso. Wembe ule ulimnyoa jirani juzi tu. Lakini aliyeteka ndiye mwenye kazi, hakuna wa kumpinga. Mjane akafunga tena kaniki yake, akasema, "Nakusubiri, mtani wangu."

Bwana akapanda basi.

Nyumbani akaulaza wembe kwenye kitanda cha mwisho. Ukaingia sawasawa, kama mtoto kwenye mbeleko. Akaupaka mafuta. Wageni wakija anawafungulia sanduku, anawaonyesha Jumatatu, Jumanne, anakwenda taratibu makusudi, mpaka anafika Jumapili, na wageni wanasema "Loo!" kwa sababu wamekunywa chai yake.

Mkewe akamwuliza, "Huu umeupata wapi?"

"Nimepewa msibani."

"Ulifanya kazi gani ukapewa?"

Akafuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Na kule kijijini? Kesho kutwa ikafika, mjane akaketi nje tangu asubuhi, nywele ameshazilowesha. Basi likapita. Siku iliyofuata likapita. Akasema labda mtani anaumwa. Akasema labda aliyenoa hakunoa vizuri. Watu wema hutafuta visingizio vya wenzao kwa bidii kuliko wenye makosa. Maganda ya maharage yakaanza kupasuka juani, pa, pa, anayasikia akiwa mkekani. Halafu ikaja mvua isiyo ya msimu wake, ikanyesha juu ya maharage yaliyokauka, nayo yakaota yakiwa bado kwenye maganda. Mmeshawahi kuona maharage yaliyoota kwenye maganda? Hayaliki, hayapandiki, hayauziki. Hata nguruwe anauliza maswali.

Ndipo yule bibi mtani akasema, "Kama kuna laana, inishukie mimi, nimekula chumvi ya kutosha." Akamnyoa mjane kwa kupapasa, akitumia nusu ya wembe wa kukatia kucha. Alimkata. Juu ya sikio la kushoto pakabaki kovu la urefu wa kidole. Mjane hakulia. Alisimama, akachukua jembe, akaenda kufukia maharage yake.

Mvua zikapita, zikarudi. Mke wa bwana akafariki. Alilala na homa, hakuamka. Mumewe alimkuta asubuhi, na kitu cha kwanza alichofanya, masikini, ni kumwita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chai.

Msiba ukafanyika mjini, lakini desturi ilihamia naye. Wazee wa ukoo wake wakaja, wakaketi sebuleni. Mtu wa saluni, aliyezoea kumnyoa, akaja na mashine yake ya umeme, ina chaji, akasema, "Mzee, nikunyoe mara moja tu, yaishe." Mzee wa ukoo akamzuia.

"Kijana, wewe unanyoa nywele. Mtani ananyoa msiba. Kaa pembeni."

Basi wakangoja mtani. Mjini hapo watani walikuwepo, lakini nani alimjua? Nani aliwahi kumwona kwenye msiba wake? Bwana akaketi kwenye mkeka, ameegemea kabati lake la vioo, nywele zimetimka. Akangoja. Si mnamkumbuka mtu mwingine aliyewahi kungoja hivyo?

Habari ya msiba haina nauli, inafika kila mahali. Akatokea mama mmoja mlangoni, kikapu kichwani, vumbi la safari miguuni. Akatua kikapu. Akafungua kilemba ajifute jasho, na bwana akaliona kovu juu ya sikio la kushoto. Alikuwa hajawahi kuliona, lakini alijua huyu ni yule mjane, na kovu limetoka wapi.

"Mimi mtani," mama akasema. "Nateka."

Akafungua kabati. Hakuna aliyethubutu kumzuia, ndiyo desturi. Akatoa sanduku, akaliweka mapajani. Bwana akasema kwa sauti ndogo, "Chukua wowote, mama. Chukua wowote utakao."

Akachukua Jumatatu, akaujaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake. Haukukata. Akachukua Jumanne. Akaenda hivyo mpaka Jumamosi, kila mmoja anaurudisha kitandani kwake.

"Hawa umewanywesha mafuta mpaka wamelewa," akasema.

Akachukua Jumapili. Akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, huku na huku, kama mtu aliyemwona mwenye wembe akifanya hivyo maisha yake yote. Akaujaribu. Vinyweleo vikaanguka.

"Huyu ananijua. Leteni maji."

Yakaja maji, bwana akatazama yanavyotiririka juu ya chuma. Mama akamwambia ainame. Akainama. Wembe ukagusa paji la uso. Ndipo akauliza, "Utanikata?"

"Nikikukata nitakuwa ndugu yako. Ndugu ndio wanaokatana. Mimi mtani. Inamisha kichwa."

Akamnyoa. Watu wakasogea kutazama. Kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, upande wote wa kulia, safi kama yai, hakuna tone la damu. Bwana akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu mkewe afe. Wembe haukutikisika.

Halafu mama akaufuta wembe kwenye kanga yake, akaukunja, akautia kifuani. Akasimama. Akachukua kikapu.

"Mama," akasema mzee wa ukoo, "umesahau upande huu."

"Sijasahau. Wembe umeisha makali. Nikimnyoa nao nitamwumiza. Naupeleka kunolewa. Kesho kutwa narudi."

Hakuna aliyejua maneno hayo yalikotoka, isipokuwa mtu mmoja tu, pale chini, mwenye nusu ya kichwa.

"Nitasubiri," bwana akasema.

"Subiri. Mimi nilisubiri." Akajitwisha kikapu. "Au kama kusubiri kutakushinda, uje mwenyewe, nitamalizia. Maharage yangu yameiva tena. Mtu wa nusu kichwa anaweza kung'oa maharage, jua litampiga upande mmoja tu."

Akatoka.

Basi mfano unaishia hapo. Bwana yuko kwenye mkeka, nusu kichwa. Kinyozi yuko pembeni, mashine ina chaji, akibonyeza tu, dakika moja, nywele zimekwisha na msiba umebaki. Na upande wa pili kuna basi, mji mzima unacheka dirishani, kijiji, shamba la watu, na mgongo wa mzee ambaye hajawahi kuinama. Mnataka niwaambie alichagua nini? Siwaambii. Sijui. Kwa sababu huyo aliyeketi pale na nusu kichwa ni sisi, na sisi bado hatujachagua.

Msimcheke. Mlicheka pale alipoogopa maji, nikawaacha mcheke. Sasa nyamazeni. Kosa lake halikuwa kupenda wembe. Kila mtu na apende chake. Kosa lake ni kwamba aliposema "mimi mtani" alikuwa anataja njia ya kupata kitu, na wenzake walisikia ameitaja kazi. Na sisi tunasema maneno ya namna hiyo kila wiki. Tunasema "ndugu". Tunasema "mwenzetu". Tunayasema kwa sauti nzuri. Neno la namna hiyo ukishalitamka, umeteka, na yupo mtu mahali fulani ameshainamisha kichwa anakungoja wewe, na kwa kuwa umesema ni wewe, hakuna mwingine anayekwenda.

Mnadhani nasema habari za mbali? Tulimzika mume wa Mama Ambakisye, hapo ng'ambo ya barabara. Sare tulivaa, zilipendeza. Tuliimba. Mwenyekiti wetu alishika kipaza sauti akasema, "Huyu ni dada yetu, hatapungukiwa na kitu tukiwepo." Niliandika kichwani. Watani wa marehemu wako mbali, hawakufika. Mama Ambakisye akasema, kanisa ndilo mtani wangu sasa, akina mama watakuja kuninyoa. Leo ni Alhamisi ya pili tangu tuzike. Maji ya kunyolewa ameshabandika na kuipua mara ngapi, mwulizeni yeye. Viazi vyake viko ardhini vinaoza. Tangu siku ile, kati yetu sisi amekwenda kwake mtu mmoja tu, na alikwenda kudai sufuria za kanisa. Inama tu, sikutaji.

Mtasema tunamwombea. Mwombeeni. Mafuta ni mazuri, yanazuia kutu. Lakini hakuna aliyewahi kunyolewa kwa mafuta peke yake.

Mtasema mtaenda, ila mtalia mkimwona, mtamwongezea uchungu. Basi lieni hapa, mmalize, mwende mkiwa wakavu. Machozi ya wenzake anayo ya kutosha, ndoo nzima. Mkono mkavu ndio hajapata.

Na wewe ambaye mwaka ule ulifiwa na mwanao, na humu ndani wakaja watu wakakufulia, wakakulimia, wakakunyoa: upande mmoja wa kichwa chako uko safi. Upande wa pili uko shambani kwa mtu. Kilemba chako kizuri, kimefungwa vizuri, wote tunakisifu. Mwenye kuona chini ya kilemba anaona.

Mimi nimemaliza. Wembe ninao hapa mkobani, nimenunua dukani kwa Mwakalebela, ule wa kutumia na kutupa, hauna jina la siku wala mpini wa pembe. Sabuni ninayo. Mkono wangu ni mkavu, mnaujua, wengine mmeulalamikia miaka. Naenda ng'ambo ya barabara kumnyoa Mama Ambakisye, na nikimaliza nitahitaji watu wa kuchimba viazi. Majembe mnayo majumbani, natumaini hamjayaweka kwenye kabati la vioo.

Chai iko kwenye birika. Wimbo wa kufunga chagueni wenyewe, na sala afanye Mama Nsajigwa, kwa kuwa leo ana pumzi za kutosha. Sitageuka nyuma kuhesabu nani anakuja. Nje kuna baridi, kwa hiyo mlango naufunga.